Udhaifu na Ukawiaji: Namna ya Kuusoma Ugonjwa wa Haidroliki katika Kipakiaji Kidogo

Miongoni mwa mitambo midogo inayofanya kazi nyingi kwenye maeneo ya ujenzi, mashamba ya mifugo na yadi za mizigo, ni michache inayotegemea haidroliki, yaani nguvu inayosafirishwa na mafuta yaliyobanwa, kama kipakiaji kidogo kinachogeuka kwa kuburuza magurudumu yake, ambacho watu wengi wa Afrika Mashariki hukiita Bobcat hata kinapokuwa kimeundwa na kampuni nyingine. Asili yake ni jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako mwaka 1957 ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, walimuundia mfugaji wa bata mzinga mashine ya magurudumu matatu iliyoweza kuingia na kugeuka ndani ya banda. Magurudumu ya mashine hiyo ya awali yaliendeshwa kimakanika. Leo mafuta yaleyale yanayoinua mikono na kupindua kijiko ndiyo yanayozungusha magurudumu na kuendesha nyundo ya kuvunjia zege. Kwa sababu hiyo hitilafu moja huweza kujitokeza kwa sura nyingi, na hitilafu nyingi zikavaa sura moja, na hapo ndipo pampu, ambayo ndiyo spea ghali kuliko karibu zote katika mfumo huu, huhukumiwa na kung'olewa kabla ya ushahidi kukusanywa.

Kosa hilo lina mzizi katika dhana kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Pampu husukuma mafuta tu. Presha huzaliwa pale mafuta hayo yanapokutana na kizuizi, iwe ni mzigo ulio kwenye kijiko, valvu iliyofungwa au hosi iliyobanwa. Kanuni aliyoieleza Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba presha inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawa pande zote, ndiyo iliyomwezesha Joseph Bramah wa Uingereza kupata hataza ya mashine yake ya kukandamiza mwaka 1795, na ndiyo inayotawala kipakiaji cha leo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina eneo la sentimita za mraba 19.6, na ikipokea mafuta ya bar 200, kiwango kilicho karibu na kile cha vipakiaji vingi vidogo, husukuma kwa nguvu ya takriban tani 4. Presha ikishuka hadi bar 150, nguvu hiyo hushuka hadi tani 3, hata kama pampu inatoa mafuta mengi kiasi gani. Kasi ni jambo jingine kabisa: silinda mbili za ukubwa huo zinazopewa lita 60 kwa dakika hurefuka kwa sentimita 25 hivi kila sekunde, na mtiririko ukipungua nusu, kasi nayo hupungua nusu, ingawa mzigo ule ule bado utanyanyuka.

Kutokana na hesabu hiyo huzaliwa swali la kwanza la uchunguzi, ambalo mwendesha mtambo anaweza kulijibu kabla fundi hajagusa spana: je, mtambo ni dhaifu au ni mzito wa mwendo? Mtambo unaoinua kijiko kitupu kwa kasi ya kawaida lakini ukagoma kabisa mbele ya mzigo una tatizo la presha, na mshukiwa wa kwanza ni valvu ya usalama, ile inayofunguka na kurudisha mafuta kwenye tangi pindi presha inapofikia kikomo, ambayo huweza kulegea springi yake au kubaki wazi kidogo kwa sababu ya chembe ya uchafu. Mtambo unaoinua kila mzigo, lakini polepole, ukiwa mtupu na ukiwa umejaa, una tatizo la mtiririko, ambalo chanzo chake chaweza kuwa chujio lililoziba, mkanda wa pampu unaoteleza, au injini isiyofikia mizunguko yake. Ipo hali ya tatu, nayo ndiyo inayoihusu pampu kwa kweli: kijiko kitupu hupanda vizuri, chenye mzigo hukawia kadiri mzigo unavyoongezeka, na mafuta yakipata moto hali huzidi. Huo ni uvujaji wa ndani, ambapo mafuta hupenya kwenye nafasi zilizolika na kurudi nyuma bila kufanya kazi, na hupenya zaidi presha inapopanda na mafuta yanapokuwa mepesi. Injini nayo hutoa ushahidi wake, kwa kuwa injini inayolemewa na kushuka mizunguko wakati mikono inapogoma inaonyesha kwamba presha ipo na kwamba tatizo laweza kuwa la injini yenyewe, ilhali ile inayoendelea kunguruma bila kuhisi mzigo inaonyesha kwamba presha inatorokea mahali fulani.

Swali la pili linahusu mipaka ya tatizo. Mfumo wa kipakiaji una sehemu zinazotumiwa na kazi zote, kama tangi, mafuta, bomba la kuvuta, chujio na mkanda, na una sehemu zinazohudumia kazi moja tu, kama silinda ya kijiko na hosi zake. Mikono ikiwa mizito huku kijiko kikipinduka kama kawaida, hakuna sababu ya kuitilia shaka pampu inayovilisha vyote viwili, wala valvu kuu ya usalama. Kila kitu kikiwa kimelegea kwa wakati mmoja, pamoja na magurudumu, kuhangaika na silinda moja ni kupoteza siku. Pale ambapo kazi mbili zinafanana, fundi anaweza kubadilishana hosi kwenye bloku ya valvu, ili upande uliokuwa mzima uhudumiwe na sehemu inayoshukiwa: ugonjwa ukihamia upande huo uliokuwa mzima, kosa liko kwenye valvu au nyuma yake, ukibaki palepale, kosa liko mbele, kwenye hosi au silinda. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote cha kununua, na inashangaza jinsi linavyofanywa mara chache.

Kabla ya kufungua bomba lolote, hata hivyo, inafaa umeme uthibitishwe kuwa hauna hatia. Vipakiaji vya kisasa vina swichi chini ya kiti na nyingine kwenye fremu ya usalama inayoshuka mapajani mwa mwendeshaji, na swichi hizo zisipotoa taarifa sahihi, solenoidi, yaani koili za umeme zinazofungulia valvu, hubaki zimefunga mikono na breki. Mtambo wa namna hiyo huwaka vizuri, haunyanyui chochote, na huonekana kana kwamba umekosa presha kabisa, kumbe ni waya uliotafunwa na panya au swichi iliyojaa vumbi la saruji. Hitilafu inayokuja na kuondoka ghafla, bila kufuata joto wala mzigo, kwa kawaida ni ya umeme, kwa maana vyuma vilivyolika havijirekebishi ghafla na kuharibika tena.

Baada ya hapo ndipo mafuta yenyewe yachunguzwe, nayo yanastahili muda mrefu kuliko yanavyopewa. Kiwango chake hupimwa mtambo ukiwa umesimama mahali tambarare, mikono ikiwa chini, kwa kuwa silinda zilizorefuka zimebeba lita kadhaa ambazo hazitaonekana tangini. Rangi na harufu hueleza historia: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yamepikwa na joto, na mafuta yaliyogeuka kama maziwa yameingiliwa na hewa au maji. Hayo mawili hutofautishwa kwa kuyatia mafuta kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie, ambapo yenye hewa hutakata yenyewe kadiri viputo vinavyopanda, na yenye maji hubaki na ukungu au kutenga maji chini. Tone moja likiwekwa juu ya bamba la chuma lililopashwa moto hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, maji yaliyomo hupasuka kwa mlio mdogo wa kukaanga, wakati mafuta makavu hutandaa na kufuka moshi tu.

Daraja la mafuta ni suala linalopuuzwa hata na wamiliki makini. Mnato, yaani kiasi cha uzito wa mafuta katika kutiririka, hupimwa kimataifa kwa nyuzi 40 za Selsiasi, ambapo mafuta ya daraja la 46 yana mnato wa milimita za mraba 46 kwa sekunde. Yakipashwa hadi nyuzi 100, mnato huo hushuka hadi karibu 7 tu. Mafuta yaliyochaguliwa kwa majira ya baridi ya Marekani ya Kaskazini huweza kuwa mepesi kupita kiasi kwenye yadi ya Dar es Salaam au Mombasa, na mtambo ulioagizwa ukiwa umetumika huweza kufika nayo tangini bila mtu kujua. Dalili yake ni ile ile ya pampu iliyochoka: nguvu asubuhi, ulegevu alasiri. Kinyume chake, mtambo unaolalamika ukiwa baridi na kupona ukipata moto hauna uvujaji wa ndani. Mafuta yake ni mazito mno, au njia ya kuvuta imebanwa.

Joto lenyewe ni dalili na pia ni chanzo. Nguvu yote ya haidroliki isiyofanya kazi hugeuka joto, na hesabu yake ni rahisi: lita 60 kwa dakika zinazopita juu ya valvu ya usalama kwa bar 200 huzalisha kilowati 20, kiasi cha kutosha kupasha pasi ishirini za umeme za wati 1000 kwa wakati mmoja. Mwendeshaji anayeshikilia wenzo baada ya silinda kufika mwisho, akisikiliza mafuta yakipiga mluzi kwenye valvu, anaiunguza mali kwa mkono wake mwenyewe. Yakizidi nyuzi 82 hivi, mafuta huanza kukausha sili, yaani mipira ya kuzuia kuvuja, na kuoza kwake huenda kasi zaidi. Rejeta ya mafuta iliyozibwa na majani na vumbi husafishwa kwa hewa inayopulizwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha njia ya feni, kwa sababu kupuliza kutoka nje huusukuma uchafu ndani zaidi.

Sauti ya pampu hueleza mengi kwa anayejua kuisikiliza. Mlio mwembamba usiokatika huashiria kwamba pampu inavuta kuliko inavyopata, na katika utupu huo mafuta huchemka na kutoa viputo vinavyopasuka tena kwenye upande wa presha kwa nguvu ya kung'oa chembe za chuma. Hali hiyo husababishwa na kichujio cha tangini kilichoziba, hosi ya kuvuta iliyolainika na kujibana ndani, au tundu la kupumulia la tangi lililozibwa na tope. Kifuniko cha tangi kikilegezwa na mlio ukanyamaza, tatizo ni tundu hilo. Mngurumo wenye kukwaruza kama wa changarawe, unaoambatana na povu tangini na mikono inayotetemeka, hutokana na hewa inayonyonywa kutoka nje, na hapo kuna mtego: kiungo cha upande wa kuvuta kinachoingiza hewa hakivujishi mafuta mtambo unapofanya kazi, kwa hiyo macho hayakioni. Grisi ikipakwa juu ya viungo hivyo, kimoja baada ya kingine, injini ikiwa inanguruma taratibu, sauti hubadilika pale grisi inapoziba ufa.

Kuhusu uchafu, ni kiwango cha udogo kinachowapotosha watu. Jicho la kawaida halioni chembe iliyo ndogo kuliko mikroni 40 hivi, ilhali spuli, ule mtaimbo mdogo unaoteleza ndani ya valvu kuelekeza mafuta, huachiwa nafasi ya mikroni chache tu. Mafuta yanayoonekana safi kwenye ndoo huweza kuwa sumu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4406 hueleza usafi kwa namba tatu, zinazohesabu chembe zenye mikroni 4, 6 na 14 au zaidi katika kila mililita, kiasi kwamba mafuta ya 18/16/13 yana chembe kati ya 1,300 na 2,500 za kundi la kwanza, lakini kati ya 40 na 80 tu za kundi la tatu. Mafuta mapya kutoka pipani si lazima yafikie usafi huo. Mengi huharibika wakati wa kuongezwa: faneli iliyotupwa mchangani, kidumu kilichokuwa cha dizeli, kifuniko cha tangi kisichofutwa kabla ya kufunguliwa.

Lipo tatizo moja ambalo huhukumiwa vibaya kuliko mengine, nalo ni mikono inayoshuka yenyewe ikiachwa juu. Jibu la haraka ni kwamba sili ya pistoni imekwisha, na silinda hufunguliwa, hufungwa sili mpya, kisha mikono huendelea kushuka. Sababu ni ya kijiometri. Uzito wa mikono husukuma fimbo ya silinda kuingia ndani, na fimbo inapoingia huchukua nafasi iliyokuwa ya mafuta. Matundu yote mawili ya silinda yakiwa yamefungwa na valvu, hata pistoni ikivuja kabisa, mafuta yatapita kutoka upande mmoja kwenda mwingine lakini hayana pa kutokea, kwa hiyo fimbo husogea kidogo sana na kusimama, huku presha ikipanda hadi uzito wote ubebwe na eneo la fimbo peke yake. Katika silinda ya milimita 63 yenye fimbo ya milimita 36, presha hiyo huwa karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Mikono ikishuka kweli, basi mafuta yanatoka ndani ya silinda, kwa njia ya spuli iliyolika, valvu ndogo ya ulinzi au hosi inayovuja. Hali hubadilika kwa silinda ambayo mzigo huivuta badala ya kuisukuma, kama ilivyo kwa kijiko katika mikao fulani, kwani hapo pistoni inayovuja peke yake inatosha kuiachia. Ukaguzi wa uhakika ni kuirefusha silinda hadi mwisho, kuondoa presha, kufungua hosi ya upande wa fimbo na kuziba mdomo wa hosi hiyo, kisha kusukuma tena upande wa nyuma: mafuta yakiendelea kutiririka kutoka kwenye tundu lililo wazi, sili imekwisha, yakikatika baada ya matone machache, silinda ni nzima na sili mpya zirudi dukani.

Mfumo wa magurudumu, unaoitwa haidrostatiki, una mantiki yake. Kila upande una pampu yake na mota yake, yaani kifaa kinachogeuza mtiririko kuwa mzunguko, na mafuta huzunguka kati yao kwenye kitanzi kilichofungwa, huku pampu ndogo ya kuchaji ikijaliza yanayovuja kwa presha ya bar 20 hivi. Pande zote mbili zikidhoofika pamoja, chaji ndiyo ya kupimwa kwanza. Upande mmoja ukidhoofika, uchunguzi huanzia mbali na mafuta: tairi lisilolingana na wenzake, mnyororo uliolegea au fito ya kudhibiti iliyopinda huuvuta mtambo upande mmoja sawasawa na pampu mbovu. Dalili yenye thamani kubwa ni mwelekeo, kwa sababu kila kitanzi kina valvu moja ya usalama ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma. Upande wa kushoto ukiwa dhaifu mbele na imara nyuma, uchakavu wa pampu au mota hauwezi kulaumiwa, maana ungeonekana pande zote. Valvu hizo mbili zikibadilishana nafasi na udhaifu ukahamia nyuma, ugonjwa umekwisha kujitaja.

Vifaa vinavyoambatishwa huleta kesi zao ndogondogo. Kiungo cha haraka ambacho hakikuingia hadi mwisho huziba mtiririko nusu na kuchemsha mafuta, na kile kilichoachwa juani hubana presha ndani hata kikakataa kuunganishwa. Kekee ya kuchimbia mashimo ambayo mota yake ina bomba la tatu, la kurudisha mafuta ya uvujaji, bomba hilo likiachwa bila kuunganishwa hupasua sili ya shafti yake mapema.

Vipimo huhitimisha kile ambacho maswali yamekwisha kukipunguza. Geji ya presha yenye kiwango cha juu cha bar 400, ikifungwa kwenye tundu la kupimia, husema kama valvu ya usalama inafunguka pale kitabu cha mtambo kinapotaka, na kuikaza skrubu ya valvu hiyo bila geji, kwa kusikiliza tu, ni njia ya kupasua hosi au kuvunja kasha la pampu. Kipima mtiririko chenye valvu ya kubana huonyesha uvujaji wa ndani moja kwa moja: pampu inayotoa lita 60 bila mzigo na 56 kwa bar 200 bado ina uhai, ile inayoshuka hadi 35 haina. Uvujaji wa nje hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono, kwa sababu mafuta yanayochomoka kwenye tundu la ukubwa wa pini hupenya glavu na ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano na huenda lisiume mwanzoni, lakini huhitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache, na anayechelewa huweza kupoteza kidole au mkono.

Vipimo vikithibitisha kwamba pampu imekufa kweli, kuibadilisha ni nusu ya kazi. Vipande vya shaba na chuma ilivyovitapika vimekwisha kusambaa kwenye rejeta, hosi na silinda, na vitairudia pampu mpya. Mafuta yote hutolewa, tangi hufunguliwa na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, silinda hutolewa mafuta ya pande zote mbili, rejeta huoshwa kwa kurudisha nyuma mtiririko au hubadilishwa, na chujio jipya hufungwa, kisha jingine baada ya saa chache za kazi. Kasha la pampu hujazwa mafuta safi kupitia tundu lake la juu kabla injini haijaguswa, na starta huizungusha injini kwa vipindi vifupi, dizeli ikiwa imekatwa, hadi geji ya chaji ionyeshe presha, kwa kuwa pistoni na bamba lake zikisuguana kavu kwa dakika ya kwanza, pampu huzeeka kabla haijabeba kijiko kimoja cha mchanga.